Kahawa, chai na moyo unaoruka: jinsi ya kujipima kafeini hatua kwa hatua

Siku niliyoambiwa moyo wangu unapiga bila mpangilio, swali la kwanza lililonitoka halikuhusu dawa. Nilisema, "Dokta, na kahawa je?" Alikuwa ameshaanza kuandika. Akajibu bila kuinua kichwa, "Hiyo achana nayo kabisa." Nikaachana nayo jioni ile ile. Kesho yake mchana kichwa kikaanza kunigonga, nikanunua vidonge vya maumivu, nikawa nameza viwili asubuhi, viwili mchana na viwili usiku. Kichwa kilitulia upesi kuliko nilivyotarajia, ila moyo uliendelea kuruka vilevile, nami nikawa nalalamika nyumbani kwamba kahawa nimeacha na nafuu siioni. Siku ya nne ndipo nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa boksi la dawa. Kila kidonge kilikuwa na paracetamol miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Vidonge sita ni miligramu 390 za kafeini. Nilikuwa nimeacha vikombe viwili vya kahawa, nikaanza kumeza kafeini ya vikombe vinne.

Tangu hapo nimeamini jambo moja: anayeishi na moyo wa namna hii lazima ajue kwa kipimo ni kafeini kiasi gani inaingia mwilini mwake, na moyo wake unafanya nini baada ya hapo. Kukatazwa kwa jumla hakukunisaidia, na kuambiwa "kunywa tu, haina neno" kusingenisaidia pia. Hatua zinazofuata ndizo nilizopitia, nikiongeza yale niliyojifunza baadaye. Zifanye ukiwa na daktari anayekujua, si kwa kumkwepa.

Kabla ya yote: dalili zisizosubiri

Ukipata maumivu au kubanwa kifuani, ukizimia au kukaribia kuzimia, ukikosa pumzi hali umekaa tu, au moyo ukienda kasi ya zaidi ya mapigo 120 kwa dakika ukiwa umepumzika na haushuki, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakianza kutoka yamevurugika: hizo ni dalili za kiharusi, na kila dakika ina thamani. Usikae kujiuliza kama ni kahawa ya asubuhi.

Hatua ya kwanza: jua jina la tatizo lako

"Moyo kwenda ovyo" ni jina la magonjwa mengi. Ukiondoka hospitali bila kujua lako ni lipi, rudi ukaulize, na uombe nakala ya karatasi ya ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo.

Lililo la kawaida kuliko yote ni mapigo ya ziada. Sehemu fulani ya moyo, ama vyumba vya juu (atiria) ama vya chini (ventrikali), hutoa pigo kabla ya wakati wake. Pigo hilo huwa dhaifu kwa sababu chumba hakijajaa damu, mara nyingi hata halifiki kwenye mkono. Kisha moyo unasubiri kidogo, unajaa kupita kawaida, na pigo linalofuata linatoka kwa kishindo. Kile kishindo ndicho unachokisikia kifuani ukadhani moyo umesimama ukaanza upya. Kwa mtu ambaye moyo wake hauna ugonjwa mwingine, mapigo haya kwa kawaida hayana madhara, ingawa yanatisha.

Fibrilesheni ya atiria, ambayo madaktari huiandika AF, ni jambo jingine. Vyumba vya juu hutetemeka badala ya kukaza na kusukuma, mpangilio wa mapigo unapotea kabisa, na damu inayotuama humo inaweza kuganda. Hatari ya kiharusi huongezeka takribani mara tano. Ndiyo maana wengi wenye AF hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na hapa naomba nisikike vizuri: dawa hiyo ni muhimu kuliko mjadala wote wa kahawa. Nimekutana na watu wanaobishana juu ya kikombe kimoja cha chai huku vidonge vyao vya kuzuia damu kuganda havijaguswa wiki nzima.

Kuna pia moyo unaoanza kukimbia ghafla kama umewashwa kwa swichi, dakika chache au saa kadhaa, kisha unatulia ghafla vilevile. Hiyo husababishwa na njia ya ziada au mzunguko mfupi wa umeme katika moyo, na mara nyingi inatibika. Na yapo matatizo machache ya kurithi, kama ugonjwa wa QT ndefu (moyo huchelewa kujichaji upya kwa pigo lijalo), ambayo yana masharti yake makali.

Hatua ya pili: fahamu ushahidi unasemaje

Hofu ya kahawa haikutoka hewani. Mwilini kuna kemikali iitwayo adenosini, inayoongezeka kadiri tunavyokaa macho, na ambayo kazi zake ni pamoja na kuleta usingizi na kupunguza kasi ya moyo. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, hivyo inakwenda kukaa kwenye viti vya adenosini na kuiacha mlangoni. Adrenalini nayo inapanda. Mtu anachangamka, presha inapanda kidogo kwa saa chache, na kwa akili ya kawaida ungesema moyo wenye hitilafu utaharibika zaidi.

Ila watafiti walipojaribu kwa watu, mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha jaribio la watu wazima 100 waliovaa vifaa vya kurekodi moyo kwa siku 14, kila siku wakielekezwa kunywa au kutokunywa kahawa. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakutofautiana kwa maana yoyote: wastani wa 58 siku za kahawa na 53 siku zisizo na kahawa. Mapigo ya ziada ya vyumba vya chini yalikuwa mengi zaidi siku za kahawa, 154 dhidi ya 102. Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo lililofungua macho: siku za kahawa watu walilala pungufu kwa zaidi ya nusu saa.

Kisha mwaka 2025 likatoka jaribio la wagonjwa 200 wa AF, wote waliozoea kahawa, waliorudishwa kwenye mapigo ya kawaida kwa mshtuko wa umeme. Nusu waliendelea kunywa angalau kikombe kimoja kwa siku, nusu wakaacha kahawa na kafeini kwa ujumla. Baada ya miezi sita AF ilikuwa imerudi kwa asilimia 64 ya walioacha, na asilimia 47 ya waliokunywa. Miongozo ya Marekani ya kutibu AF ya mwaka 2023 ilikuwa imeshasema kwamba kumkataza mgonjwa wa AF kafeini ili kuzuia AF hakuna faida, isipokuwa kunaweza kumpunguzia dalili yule ambaye mwenyewe anaona kafeini inamsumbua.

Usiisome habari hiyo kama ruhusa ya kunywa jagi zima, wala kama sababu ya kuanza kahawa kama hujawahi kuinywa. Jaribio lilihusu kahawa ya kawaida kwa kiasi cha kawaida, kwa watu waliokwisha kuizoea. Na wastani wa watu 100 hauonyeshi moyo wako wewe. Ndiyo maana kuna hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: hakikisha wewe ni mtu wa kufanya jaribio hili

Usijipime nyumbani bila idhini ya daktari ikiwa umewahi kuzimia ukifanya mazoezi au ukishtuka, ikiwa kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, ikiwa una QT ndefu au tatizo jingine la kurithi la umeme wa moyo, ikiwa moyo wako umedhoofika, au ikiwa umetoka hospitali karibuni. Mjamzito naye ana kiwango chake: asizidi miligramu 200 kwa siku, maana kafeini hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi, na inamfikia mtoto.

Kabla ya kulaumu kikombe, mwombe daktari aangalie pia damu: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, potasiamu au magnesiamu iliyoshuka. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuuvuruga moyo hata kama unakunywa maji matupu.

Hatua ya nne: hesabu kafeini yote, pasipo kusahau iliyojificha

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Anza na kikombe chenyewe. Nilipoulizwa nakunywa kiasi gani nilijibu "vikombe viwili" kwa moyo mkunjufu. Jioni moja nikachukua kikombe changu cha kila siku, nikakijaza maji hadi pale ninapojazia kahawa, nikayamimina kwenye jagi la kupimia la jikoni. Maji yalipita mstari wa mililita 300, yakapita 350, yakasimama karibu na 400. Vipimo vingi unavyovisoma huzungumzia kikombe cha mililita 240. Kwa hiyo vikombe vyangu viwili vilikuwa vitatu na zaidi. Fanya hivyo leo, kwa kikombe chako, usikisie.

Sasa viwango. Kahawa ya kuchuja ya mililita 240 ina wastani wa miligramu 95 za kafeini, lakini inaweza kuwa 70 au ikafika 140 kutegemea aina ya buni, wingi wa unga na muda wa kuchuja. Espreso ndogo ya mililita 30 ina kama 63. Inaonekana kali mdomoni lakini kwa jumla iko chini ya kikombe kikubwa. Chai ya rangi kikombe kimoja ni kama 47, na inapanda ukiiacha majani yachemke muda mrefu. Chai ya kijani ni kama 28. Kopo la soda ya kola la mililita 355 lina kati ya 35 na 40. Chokoleti nyeusi kipande cha gramu 30 kina kama 20. Hata kahawa iliyoondolewa kafeini haiko sifuri kabisa, hubaki na miligramu 2 hadi 15 kwa kikombe.

Vinywaji vya kuongeza nguvu navitenga peke yake. Kopo dogo la mililita 250 huwa na miligramu 80, na kopo la mililita 500 lina 160, na mara nyingi hunywewa baridi, haraka, kabla au baada ya mazoezi, pengine mawili mfululizo. Humo kuna viungo vingine pia. Mwaka 2019 watafiti waliwapa vijana wazima 34 karibu lita moja ya vinywaji hivyo kwa muda wa saa moja. ECG zao zilionyesha muda wa QT, yaani muda ambao moyo hutumia kujichaji upya kwa pigo lijalo, umerefuka, na hali hiyo ilikuwa bado ipo baada ya saa nne. Hao walikuwa wazima. Ushauri wangu kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio ni mfupi: hivi viache, tena usivijaribu hata kwa kipimo.

Halafu dawa. Soma boksi la kila dawa ya kichwa, mafua na maumivu ya hedhi uliyonayo ndani, utafute neno kafeini. Dawa za mafua zina hatari nyingine hata zisipokuwa na kafeini: zile za kuzibua pua zenye pseudoephedrine huuchochea moyo, na nimeona watu wakiilaumu chai waliyomezea dawa badala ya dawa yenyewe. Vidonge vya kupunguza uzito na unga wa kuchangamsha kabla ya mazoezi usiviguse. Unga mtupu wa kafeini unaweza kuua; kijiko kimoja cha chai kinalingana na vikombe 28 hivi vya kahawa.

Jumlisha yote ya siku moja ya kawaida. Kwa mtu mzima mwenye afya, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku, na zisizozidi 200 kwa mara moja, hazileti wasiwasi. Kwetu sisi hiyo ni dari, wala si lengo la kufikia.

Hatua ya tano: jifunze kushika mapigo yako

Kaa, pumzika dakika tano, usizungumze. Geuza kiganja juu. Weka vidole viwili au vitatu, cha shahada na vinavyokifuata, kwenye kifundo cha mkono chini ya mzizi wa kidole gumba. Usitumie gumba, lina mapigo yake litakuchanganya. Bonyeza taratibu hadi uhisi mshipa unacheza.

Hesabu dakika nzima. Wenye mapigo ya kawaida wanaweza kuhesabu sekunde 30 wakazidisha mara mbili. Kwako wewe hesabu hiyo itadanganya. Andika namba, halafu andika mwendo: uko sawa, unaruka mara chache (mara ngapi?), au hauna mpangilio wowote. Mapigo ya kawaida ukiwa umepumzika ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Saa ya mkononi inayochukua ECG inasaidia, hasa kwa kumwonyesha daktari kile kilichotokea saa tisa usiku, lakini vidole vyako havihitaji chaji.

Ukitaka kipimo cha msingi, pima kabla hujanywa kahawa au chai. Ukitaka kuona kikombe kimekufanya nini, pima kabla, kisha saa moja baadaye, kwa sababu kafeini hufika kileleni kwenye damu kati ya dakika 30 na 60.

Hatua ya sita: wiki mbili za daftari, bila kubadilisha kitu

Vumilia. Kunywa kama ulivyozoea, ila andika. Saa na kiasi cha kafeini. Mapigo asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Kila mrukaruko uliouhisi na ulikuwa unafanya nini. Kisha safu ambazo watu huzisahau: umelala saa ngapi, umekunywa pombe au la, umekula au uko tumbo tupu, umekunywa maji ya kutosha, una homa, umegombana na mtu.

Safu ya pombe iandike kwa ukweli. Katika jaribio moja wagonjwa wa AF walichagua wenyewe kichochezi cha kujipima, na wengi walichagua kafeini. Kilichoonekana kweli kuongeza AF kilikuwa pombe. Na huko Australia, jaribio la watu 140 lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha AF kurudi kwa asilimia 53 ya walioacha pombe na asilimia 73 ya walioendelea.

Kama mwenzako anasema unakoroma na kunyamaza kama pumzi imekatika, hilo nalo liandike na umwambie daktari. Kukatika pumzi usingizini ni rafiki mkubwa wa AF, na mtu wa namna hiyo huamka kachoka, akanywa kahawa nyingi ili achangamke, mwisho wa yote kahawa inabeba lawama isiyo yake.

Hatua ya saba: shuka polepole

Usiache kwa siku moja kama nilivyofanya. Anayeacha ghafla huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, na uchovu, hasira na ukungu kichwani vinaweza kuendelea hadi siku tisa. Moyo wa mtu mwenye maumivu asiyelala huruka pia, kwa hiyo jaribio lako litakuwa limeharibika kabla halijaanza.

Punguza robo ya jumla yako kila baada ya siku tatu au nne. Wa miligramu 400 ashuke 300, kisha 200, kisha 100, kisha aache. Njia rahisi ni kuchanganya unga wa kahawa ya kawaida na isiyo na kafeini kwenye chombo kimoja, ukiongeza hii ya pili kila unapojaza upya. Mdomo hauoni tofauti kubwa. Kichwa kikiuma, meza paracetamol tupu. Ukishafika sifuri, subiri siku kumi ndipo uanze kusoma daftari.

Hatua ya nane: irudishe bila macho kujua

Imani ina nguvu juu ya moyo kuliko tunavyokubali. Ukijua umekunywa kahawa, utakaa unausikiliza moyo, na moyo unaosikilizwa huonekana kuruka zaidi. Kwa hiyo mtafute mtu wa nyumbani wa kukusaidia.

Kwangu alikuwa binti yangu. Tulinunua kahawa ya aina moja, moja ya kawaida na nyingine isiyo na kafeini, akazihamishia kwenye makopo mawili aliyoyajua yeye. Kila asubuhi alirusha sarafu jikoni, akatengeneza kikombe kimoja kilichopimwa, mililita 240 kamili, akaandika herufi kwenye karatasi na kuiweka ndani ya bahasha. "Baba, usinitazame usoni," aliniambia siku ya kwanza, maana nilikuwa nachungulia. Tulifanya hivyo siku 14. Nilipima mapigo kabla, saa moja baadaye, na jioni, nikatoa alama ya jinsi moyo ulivyonisumbua, sifuri hadi kumi.

Tulipofungua bahasha, siku zangu nne mbaya kuliko zote zilikuwa hizi: mbili za kahawa ya kawaida, mbili za isiyo na kafeini. Nilikaa kimya. Binti yangu akavuta daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya usingizi. Siku zote nne nilikuwa nimelala chini ya saa sita.

Wewe yako yanaweza kuwa tofauti kabisa, na ndiyo sababu ya kupima. Ukihisi mrukaruko mkali katika hatua hii, acha jaribio, umwone daktari, ukiwa na daftari mkononi.

Hatua ya tisa: panga kanuni zako

Ikiwa siku za kafeini zinajitenga waziwazi na nyingine, una jibu lako: acha, au baki kwenye kiasi kidogo ambacho hakikukusumbua. Utafiti wa watu elfu haukulazimishi kunywa kinachokunyima raha. Wenye mapigo ya ziada ya vyumba vya chini, yakiwa mengi kwa siku, wana sababu zaidi ya kupunguza, kwa jinsi lile jaribio la mwaka 2023 lilivyoonyesha.

Kama hakuna tofauti, rudi kwenye kikombe chako bila hofu, kwa kiasi, ukizingatia zaidi saa kuliko wingi. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama saa tano. Kikombe cha saa kumi jioni, ifikapo saa tatu usiku nusu yake bado inafanya kazi. Mimi sinywi baada ya saa sita mchana, na hiyo ndiyo kanuni pekee niliyoishika bila kuivunja, kwa sababu daftari lilinionyesha kwamba njia ya kahawa kuufikia moyo wangu inapita kwenye usingizi.

Ukihisi kahawa inakuchoma kifua na moyo unaruka kwa pamoja, jaribu kuinywa baada ya kula. Wakati mwingine tumbo linalounguza na moyo unaoruka hufuatana.

Hatua ya kumi: dawa zako na kikombe chako

Kafeini huvunjwavunjwa na ini, na baadhi ya vitu hubadilisha kasi ya kazi hiyo. Mexiletine, ambayo ni dawa ya mapigo, huipunguza. Ciprofloxacin, ya kuua bakteria, na fluvoxamine, ya sonona, vilevile. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huifanya kafeini ikae karibu mara mbili ya muda wake. Ukianza mojawapo ya hizi, kikombe kile kile kinakuwa kikombe na nusu au viwili, na kwa fluvoxamine hata zaidi ya hapo.

Wavutaji sigara wanaoacha, hongereni, lakini zingatieni hili: sigara huharakisha uvunjaji wa kafeini. Siku chache baada ya kuacha, kafeini ya vikombe vile vile hupanda mwilini, na mtu akatetemeka, akakosa usingizi, moyo ukaenda mbio, akadhani ni kiu ya sigara. Punguza kahawa wiki ile ile unayoacha sigara.

Anayetumia levothyroxine, dawa ya thairoidi, aimeze kwa maji, kahawa ifuate baada ya nusu saa hadi saa moja, maana kahawa hupunguza dawa inayoingia kwenye damu. Anayetumia theophylline kwa ajili ya pumu azungumze na daktari. Ni ndugu wa kafeini, na madhara yao hujumlishwa.

Mwisho kuna jambo la hospitali ambalo sikuambiwa na mtu kwa miaka. Moyo unaokimbia ghafla hutulizwa mara nyingi kwa sindano ya adenosini, na vipimo fulani vya moyo hutumia dawa hiyo hiyo. Kafeini, kama tulivyoona, hukalia viti vyake, kwa hiyo sindano inaweza isishike vizuri. Ukipangiwa kipimo cha namna hiyo, uliza ni saa ngapi kabla unatakiwa kuacha kahawa, chai, kola na chokoleti; mara nyingi huwa kati ya saa 12 na 24, na kahawa isiyo na kafeini nayo huhesabiwa. Na ukipelekwa kwa dharura moyo ukikimbia, mtajie muuguzi dawa zako, halafu mwambie saa uliyokunywa kikombe cha mwisho na kilikuwa na ukubwa gani.